Vyungu Sita vya Mtama Wako, Mama Mkwe

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia mlango ukiwa wazi, na kutoka hapa nilipokaa naona shamba la jirani yetu wa chini limegeuka zambarau. Kiduha kimetoa maua, Mama. Kimejaa katikati ya mtama wake utadhani alikipanda yeye. Asubuhi nimemwona akipita kando yake na mtungi wa maji, hata hakuinama. Nilipomwita nikamwuliza mbona haking'oi, alicheka.

"Si mtama wa mama Elia huu? Huu hauliwi na kiduha."

Watu wa huku Nduruma wote wanasema hivyo sasa. Wewe na mimi tunajua kwamba sivyo. Lakini wewe tulikuzika wakati wa mvua za vuli, kwa hiyo tumebaki mimi na mwanao Elia, na Elia hana desturi ya kusema. Ndiyo maana nimeomba karatasi kwa mwalimu wa misheni. Jumapili, ibada ikiisha, nitaisoma barua hii kwa sauti mbele ya kila atakayekuwepo. Nakuandikia wewe badala ya kuwaandikia wao kwa sababu nikiwaandikia wao naanza kujitetea. Kwako siwezi. Ulikuwepo.

Uliponipokea bibi harusi nilikuogopa, wala hukunisaidia nisikuogope. Mimi nilitoka juu mlimani kwenye migomba, sikujua kitu cha huku tambarare. Siku ya kwanza shambani ulichuma kijiti chenye maua ukaninyooshea.

"Unaliona hili ua?"

"Ndiyo, Mama. Zuri."

"Ukiliona ua, umeshachelewa."

Kisha ulipiga magoti ukafukua kwa vidole, ukanionyesha chini ya udongo jinsi mzizi wa kiduha ulivyokamata mzizi wa mtama na kuunyonya, kama mtoto mkubwa aliyekataa kuachishwa ziwa. Uliniambia kwamba mbegu zake ni vumbi tupu, na kwamba vumbi hilo hulala ardhini miaka na miaka likisubiri mtama upandwe. Kabla halijachomoza juu, mtama umeshakuwa wa manjano na kudumaa, na watu wanatafuta mchawi ni nani. Mtama wako mwekundu, ule uliokuja nao kutoka kwenu Kahe ukiwa umefungwa kwenye kitambaa, ulikuwa unasimama wakati wa wengine unakufa. Kila mtu aliliona hilo. Hakuna aliyejua kwa nini.

Baadaye akaja yule Mdachi ng'ambo ya mfereji, tuliyempa jina la Bwana Vioo. Reli ilikuwa imefika Moshi, na vioo vyake vililetwa kutoka huko kwa magari ya maksai, vimefungwa ndani ya majani makavu. Elia ndiye aliyeswaga maksai wale. Bwana alijenga nyumba nzima ya vioo, kuta na paa. Watu walisema anataka kuotesha jua. Kumbe alikuwa anaogopa kitu kile kile tulichokiogopa sisi: kiduha kilikuwa kimevuka mfereji na kuingia kwenye mahindi ya kulisha vibarua wake.

Unakumbuka siku jumbe alipokuja na neno la Boma? Alisimama pale kwenye kivuko cha mfereji, hakutaka kutuangalia machoni. Alisema mashamba yote ya chini yaliyoingiliwa na kiduha yatachomwa moto, yatiwe ndani ya shamba la Bwana, na sisi tupande juu mlimani tukatafute pa kukaa. Wewe ndiye uliyeuliza.

"Juu wapi? Juu kuna wenyewe."

Jumbe akasema Bwana ameomba asubiriwe kidogo. Anataka kujaribu mbegu ndani ya nyumba yake ya vioo. Kila nyumba ilete mtama wake, aupande pamoja na kiduha, aone upi utakataa kunyonywa. Ukipatikana mmoja, ataliandikia Boma kwamba watu wapande huo na wabaki. Usipopatikana, moto utawashwa kabla ya masika.

Nyumba saba zilipeleka mbegu. Wewe ulikataa. Kwa siku nne Elia alikusihi, ukawa unamjibu kwamba mbegu yako haiendi kwa Mzungu. Siku ya tano ulinikuta napepeta, ukaniwekea konzi moja ya mtama mwekundu kwenye ungo. Nilipokutazama ukasema, "Wewe ndiye unayefanya kazi kule. Usiseme imetoka kwangu mpaka isimame."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniamini na jambo lolote. Hizo herufi zangu ulikuwa unazicheka, ukiniuliza kama nitazipika. Lakini herufi ndizo zilizonipa kazi kwa Bwana Vioo. Mimi ndiye niliyeandika alama za vyungu kwenye vijiti, na mimi ndiye niliyeambiwa nitie kiduha.

Sikuwahi kukueleza vizuri tulivyofanya, nikueleze leo. Udongo ulichemshwa kwanza kwenye madebe ili kila kilichomo kife. Kisha ukatiwa kwenye vyungu. Kila nyumba ilipewa vyungu sita vya kutia kiduha, na kimoja kisafi cha kulinganishia. Bwana alikuwa amepima vumbi la kiduha mwenyewe, akalikunja kwenye vikaratasi, kikaratasi kimoja kwa chungu kimoja. Kazi yangu ilikuwa kufungua kikaratasi, kumimina, kuchanganya na udongo, kupanda mtama juu yake, na kuchomeka kijiti. Mle ndani kulikuwa na joto la kukutoa jasho hata umekaa. Nilikwenda nyumba kwa nyumba, na nyumba yetu niliiacha mwisho ili nisiharakishe.

Nilikuwa nimeshajaza udongo kwenye vyungu vyetu sita nilipomsikia Sefu, mnyapara, akipiga kelele nje. Askari walikuwa wamekuja kutafuta watu wa kazi ya barabara, na walikuwa wamewapanga wanaume mstari mmoja uani. Elia alikuwa wa tatu. Nilitoka mbio. Unajua waliokwenda barabarani mwaka ule, wangapi walirudi na miguu yao mizima. Nilisimama juani nikimwangalia mume wangu akishikwa mikono na kukaguliwa mabega kama ng'ombe wa mnadani. Mwishoni Bwana alitoka akasema huyu wa maksai haendi. Wakamwachia.

Nilirudi ndani, akili bado iko uani. Nikaona udongo umejaa, nikapanda mtama, nikachomeka vijiti. Nikamshukuru Mungu. Nikaenda nyumbani.

Majuma saba, Mama. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniuliza kila nikirudi, ukijifanya huulizi? "Kule kuna joto bado?" Nami nilikujibu, "Lipo, na kwetu bado kumesimama." Mtama wa nyumba ya kwanza ulianza kuwa manjano juma la nne. Juma la sita vidole vya kiduha vikachomoza kwenye vyungu vya nyumba zote saba. Kwetu hakuna. Mtama wako ulikuwa wa kijani na mrefu kuliko wote, mpaka Bwana alikuwa anaushika majani kwa vidole viwili kama anamshika mtoto mchanga. Siku alipoamua kwamba imetosha, alimwita Sefu, akamwita jumbe, akatuambia kwa Kiswahili chake, "Huyu mshindi! Huyu kiduha hapana kula!" Akaandika barua ya Boma papo hapo kwenye meza ya vyungu, akampa tarishi.

Mimi niliambiwa nifagie. Nilivuta kikapu changu kilichokuwa chini ya meza, kile cha vijiti, ili nikimwage. Chini kabisa kulikuwa na vikaratasi sita. Vimekunjwa. Havijafunguliwa.

Niliviona, nikavihesabu, nikavihesabu tena. Vyungu vyetu sita vilikuwa havijawahi kuonja kiduha hata kidogo. Mtama wako ulisimama kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuuangusha. Na nje nilimsikia jumbe akicheka na watu, na mwanamke mmoja akipiga vigelegele.

Nilivifunga vikaratasi kwenye pindo la kanga yangu nikaondoka. Njiani nilikutana na wanawake wanakuja kwako na vibuyu, wamesikia, wanataka mbegu. Mmoja alinikumbatia. Nilimwacha anikumbatie.

Nilifikiri kunyamaza. Naliandika hili ili walisikie Jumapili: nilifikiri sana kunyamaza. Boma lilikuwa limeshapata barua, mashamba yalikuwa yamepona. Kibarua aliyevunja kioo mwezi uliotangulia alikuwa amepigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, na kile kilikuwa kioo kimoja tu. Lakini kila kibuyu kilichopita mbele yangu nilikiona kimejazwa mbegu ambayo hakuna aliyeijua, inakwenda kupandwa kwenye udongo uliojaa vumbi lile, na familia nzima imekaa inaisubiri.

Nilikukuta shambani. Jua lilikuwa bado juu. Nilifungua pindo nikakuonyesha, nikakueleza. Hukuacha kupalilia. Ulikwenda mpaka mwisho wa mstari, ukageuka, ukarudi, ukasimama mbele yangu.

"Vyungu vingapi?"

"Vyote sita, Mama."

"Kwa hiyo hakuna anayejua kama unasimama."

"Wewe unajua. Umeupanda miaka yote. Kila mtu anauona ukisimama."

Hapo ndipo ulipoketi chini, kwenye udongo, jambo ambalo sikuwahi kukuona ukilifanya mbele ya mtu. Ukasema kwa sauti ndogo, "Mimi huamka kabla yenu. Kabla jua halijachomoza Kilimanjaro nimeshapita mistari yote nimeking'oa kikiwa bado kidogo kama sindano. Miaka yote. Nafukia na samadi. Sikumwambia mtu. Nilipenda waseme mbegu yangu ni nzuri."

Kisha ukaniangalia. "Kwa hiyo hata mimi sijui."

Tulikaa pale wawili, mimi na kosa langu la majuma saba na wewe na siri yako ya miaka. Nadhani ndiyo siku niliyoacha kukuogopa. Ulinyanyuka kabla yangu, ukapangusa magoti, ukasema, "Waliochukua leo nitawafuata nyumba kwa nyumba, wasipande. Kesho tunakwenda kwa Bwana."

"Atanipiga."

"Tunakwenda."

Asubuhi Bwana alikuwa anakunywa kahawa barazani. Niliweka vikaratasi sita mezani kwake. Hakuelewa mara moja. Alivifungua kimoja kimoja, akalitazama vumbi, na nikaona damu ikimpanda kutoka shingoni mpaka kwenye masikio. Alikimbilia nyumba ya vioo, akakichukua chungu cha kwanza cha mtama wako, akakipigiza chini, akapekua mizizi kwa mikono yake. Mizizi mitupu, misafi. Akapiga cha pili. Cha tatu alikishika akakirudisha.

"Mimi nimeandika Boma!" alisema. "Mimi mwongo sasa!"

Sefu aliuliza kama alete kiboko. Wewe ulipita mbele yangu. Ulikuwa unamfika Bwana kifuani.

"Mbegu ni yangu," ulisema. "Huyu ni mtoto wangu. Angeweza kunyamaza, ungejuaje?"

Bwana alikutazama. Kisha akasema na Sefu, na Sefu akatutafsiria kana kwamba anatupa zawadi: sheria ya Wadachi haipigi mwanamke. Mume wake yuko wapi?

Mama, hapa ndipo ambapo watu hawajui. Mpaka leo wanaamini Elia alipigwa kwa sababu aliiba kitu kwa Bwana. Wengine wanasema ni mtama, wengine wanasema ni hatamu za maksai. Hakuiba kitu. Alitolewa kwenye maksai, akaambiwa mkeo ameharibu kazi, akavua shati lake, akalala. Hakuniuliza nimefanya nini. Viboko ishirini na tano. Mimi nilijifunika uso kwa kanga mpaka vikaisha, na hilo pia nalisema mbele ya watu.

Uliporudi naye nyumbani ulimpaka mafuta mgongoni, ukamlaza kifudifudi, na kwa siku mbili hukuniambia neno. Sikukulaumu. Alikuwa mwanao wa pekee. Siku ya tatu, alfajiri, ulinigusa bega.

"Amka. Njoo nikuonyeshe kinavyokuwa kikiwa sindano."

Bwana alituruhusu tuanze upya. Nadhani ilikuwa hasira zaidi kuliko huruma. Hakutaka kuliandikia Boma mara ya pili bila jibu. Alisema majuma manane, na mtama ukifa hatasema neno lingine, mashamba yachomwe. Safari hii hakutaka mkono wangu. Aliagiza wewe mwenyewe ufungue vikaratasi, Sefu akiangalia, nami nisome alama tu. Ulifungua cha kwanza, ukamimina, ukakikung'uta mara tatu, ukakiweka kitupu mbele ya Sefu. "Hesabu," ulimwambia. Cha pili. "Hesabu." Mpaka sita.

Kusubiri kule kulitumaliza. Watu walikuwa wamekasirika kwa kuwa uliwanyang'anya mbegu na hukuwaambia sababu. Ulisema tu kwamba bado. Walianza kusema unaficha mtama wako ili ubaki peke yako. Kisimani walitukwepa. Jumbe alipita mara mbili na askari, wakapima kwa macho nyasi zilivyokauka. Kila jioni tulikwenda pamoja mpaka kwenye vioo, tukainamia vyungu.

Juma la sita, kwenye chungu cha pili, nilikiona. Sindano moja ya kijani iliyopauka, karibu na shina. Nilinyoosha mkono. Nilidhani hujakiona, kumbe ulikuwa umekiona kabla yangu. Ulinishika nisikivute.

"Kiache. Tuambiwe ukweli."

Juma la saba vyungu vinne kati ya sita vilikuwa navyo. Mtama ulifupika, majani ya chini yakageuka. Elia aliponiuliza usiku ule nilimwambia ni vinne, akaanza kukusanya majembe kwa ajili ya kuhama. Nawe ulikwenda kila siku vile vile, ukakaa kwenye debe lililopinduliwa, joto lile, na umri wako ule.

Halafu mtama ukatoa masuke. Madogo, yenye kuinama upande, lakini yenye punje. Vyungu vyote sita. Mtama wa wengine katika jaribio la kwanza ulikuwa umekufa kabla ya kuchanua. Wako ulikuwa unanyonywa na bado unazaa. Bwana alihesabu kiduha, akapima masuke, kisha akasema neno ambalo Sefu alitafuta Kiswahili chake mpaka akalipata.

"Anasema haukatai. Unavumilia."

"Basi aandike hivyo hivyo," ulisema. "Asiongeze."

Akaandika hivyo. Boma likajibu kwamba watu wabaki kwa masharti: wapande mtama ule, na kila mtu aking'oe kiduha kabla ya kutoa ua. Mashamba mawili ya kando ya mfereji yalichukuliwa hata hivyo, na wenyewe wakahama na mbuzi wao. Ulikwenda kuwaaga, ukarudi umeinamisha kichwa. Lakini masika yale uliwatoa wanawake wote alfajiri, nyumba kwa nyumba, ukiwapigia hodi na mpini wa jembe, ukawafundisha siri uliyoificha ujana wako wote. Tulivuna. Si sana. Tulivuna.

Sasa kuna vita. Bwana Vioo ameitwa jeshini, na vioo vyake vingine vimepasuka, vingine vimechukuliwa. Wewe umekwenda, na hakuna wa kupiga hodi alfajiri. Watu wamebakiza mbegu na kusahau kazi. Wanaimba kwamba mtama wa mama Elia hauliwi, wanalala mpaka jua lipande, na kiduha kinachanua. Masika mawili ya hivyo, vumbi litakuwa jingi kuliko uvumilivu wa mtama wowote. Najua ungewaambia nini. Basi nawaambia: unaliwa. Unaliwa kama mwingine wote. Unahitaji mtu wa kuamka.

Jana nilimsomea Elia barua hii, maana mgongo ni wake. Nilipofika pale alipopigwa alinyanyuka akatoka. Nilimsikia akikaza mti wa zizi, akigonga na kugonga, na nikafikiri akirudi atanikataza. Alirudi, akasimama mlangoni.

"Kuna kitu hujaandika."

"Kipi?"

"Mama alinishika mkono. Nilipolala pale chini alipiga magoti akanishika mkono. Sefu alimfukuza mara mbili, akarudi. Hukuona kwa sababu ulijifunika. Liandike."

Nimeliandika, Mama.

Pumzika sasa. Kesho alfajiri nitakwenda kumpigia hodi jirani wa chini, kabla hata ya hiyo Jumapili.

Mimi,
mkaza mwanao, mke wa Elia